Viti Havisomeki Bila Kujua Nani Kaungana na Nani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Bihar, nchini India, tarehe 14 Novemba 2025. Gazeti lako liliyaeleza matokeo hayo kwa aya chache, na katika aya hizo ikaandikwa kwamba chama kilichopata kura nyingi kuliko vyote kimeambulia viti 25 kati ya 243. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini kwa kuwa haikufuatiwa na maelezo, jioni ile ile barzani kwetu hapa Wete hukumu ilikwishatoka: "Wameibiwa." Kijana aliyekuwa akitusomea kutoka kwenye simu yake aliirudia sentensi ile mara tatu, na kila aliporudia wazee walizidi kutikisa vichwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na sikuweza kuliacha jambo lile lipite. Niliomba kalamu na karatasi, nikawaandikia wenzangu pale pale. Ninayoyaandika leo ni yale yale, pamoja na mengine ambayo usiku ule hayakupata nafasi kwa sababu ya adhana ya Isha.

Kwanza nitangulize neno moja. Ninaposema jimbo nakusudia dola ndogo iliyomo ndani ya shirikisho la India, yenye Baraza lake na serikali yake, na si jimbo la uchaguzi kama tunavyolitumia neno hilo hapa kwetu. Sehemu inayochagua mwakilishi mmoja nitaiita kiti. Na mkuu wa serikali ya jimbo nitamwita Waziri Kiongozi, kwa kuwa cheo hicho tulikuwa nacho Zanzibar hadi mwaka 2010 na wasomaji wanakifahamu.

Chama kinachozungumzwa ni RJD (Rashtriya Janata Dal). Kilipata takriban asilimia 23 ya kura zote za Bihar, na ni kweli hakuna chama kimoja kilichokifikia. BJP (Bharatiya Janata Party) ilipata takriban asilimia 20 na kuvuna viti 89, na JD(U), yaani Janata Dal (United), chama cha Nitish Kumar aliyekuwa Waziri Kiongozi, ilipata asilimia 19 na kitu na kuvuna viti 85. Anayetazama namba hizo peke yake lazima ashtuke. Ila BJP na JD(U) hawakuwa wagombea wawili wanaoshindana. Walikuwa upande mmoja, na kabla ya kampeni walikwishagawana: BJP ikasimamisha wagombea katika viti 101, JD(U) katika viti 101, na vilivyobaki wakaachiwa washirika wadogo. RJD, kwa upande wake, ilisimamisha wagombea katika viti zaidi ya 140. Basi chama kilichosimama kwenye viti 140 kimekusanya kura kwenye viti 140, na kilichosimama kwenye 101 kimekusanya kwenye 101. Mfuasi wa BJP aliyekuwa kwenye eneo ambalo BJP haikusimamisha mtu alimpigia mshirika, na kura yake ikahesabiwa kwa jina la mshirika. Kulinganisha asilimia 23 ya mmoja na asilimia 20 ya mwengine ni sawa na kupima karafuu za mashamba mawili bila kuuliza kila shamba lina mikarafuu mingapi.

Ukizichukua kura kwa pande, hadithi inabadilika. Upande wa BJP na JD(U) ulipata karibu asilimia 47 ya kura na upande wa RJD na mshirika wake Congress, chama kikongwe cha India, karibu asilimia 38. Tofauti hiyo ya asilimia tisa ndiyo iliyozaa viti 202 kwa upande mmoja na 35 kwa upande wa pili, kwa sababu katika kila kiti anayeongoza, hata kwa kura moja, hukichukua chote, na aliyemfuata hatoki na kitu. Mtu anaweza kuulaumu utaratibu huo, na mimi nitaulaumu huko mbele. Lakini kuulaumu utaratibu ni jambo moja na kusema "wameibiwa" ni jambo jengine. Sisemi kwamba uchaguzi ule haukuwa na malalamiko. Upinzani ulilalamikia sana uhakiki wa daftari la wapiga kura uliofanywa miezi michache kabla, na lalamiko hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu. Sisi tunaojua uchungu wa jina kutoonekana katika daftari hatuwezi kulipuuza. Ninachosema ni kwamba viti 25 kwa asilimia 23 si ushahidi wa wizi. Ni matokeo ya muungano uliopangwa vizuri kukutana na muungano uliopangwa vibaya zaidi.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Katika nchi ambazo serikali huundwa na wingi wa viti barazani, matokeo hayasomeki mpaka msomaji ajue nani aliungana na nani, na, muhimu zaidi, waliungana lini. Muungano uliotangazwa kabla ya kura ni ahadi: mwananchi ameambiwa mapema kwamba ukimpa huyu, umempa na yule, akakubali au akakataa. Muungano unaofungwa baada ya kura ni makubaliano ya viongozi juu ya kitu ambacho mwananchi amekwishakitoa mkononi. Siharamishi muungano wa namna ya pili, kwa kuwa pasipokuwa na chama chenye wingi lazima watu wakae na wazungumze. Lakini hauna uzito sawa na wa kwanza, na gazeti halipaswi kuviandika vitu viwili hivyo kwa neno moja.

Bihar hiyo hiyo inatufundisha kuwa hata ahadi ya mapema inaweza kuvunjwa. Mwaka 2015 vyama vitatu, yaani JD(U), RJD na Congress, viligawana viti vyote 243 kabla ya kampeni: 101, 101 na 41. Katika mpango huo hakuna kiti walichogombania wao kwa wao. Waliomba kura pamoja dhidi ya BJP, wakashinda viti 178, na BJP ikapata 53. Hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wa Bihar hawakueleweka walichokitaka. Mwezi wa Julai 2017 Nitish Kumar akajiuzulu uwaziri kiongozi, na siku ya pili yake akaapishwa tena kushika cheo kile kile, safari hii pamoja na BJP, chama alichokuwa ameombea kura za kukishinda. Mwaka 2020 akagombea na BJP na kushinda. Agosti 2022 akarudi kwa RJD. Januari 2024 akarudi kwa BJP. Mara zote tatu alizogeuka katikati ya muhula, sheria haikuvunjwa, kwa kuwa wingi wa viti ulikuwepo. Lakini mara zote tatu mpiga kura hakuulizwa, na hilo linaniuma hata kama mimi si mtu wa Bihar na sitarajii kufika huko.

Mfano ulio bora zaidi kwa kufundishia ni wa jimbo la Karnataka, Mei 2018, na naomba wasomaji wanivumilie nikiueleza kwa urefu. Baraza lao lina viti 224, na siku ile vilipigiwa kura 222. BJP ilipata viti 104, Congress 78, Janata Dal (Secular) 37, na vitatu vikaenda kwa wengine. Ili kuwa na wingi zilihitajika 112. Kwa kura, Congress ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 38 dhidi ya 36 za BJP. Aliyeongoza kwa kura, basi, hakuongoza kwa viti, na aliyeongoza kwa viti hakuwa na wingi. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli la kushikilia. Congress na Janata Dal walikuwa wamepigana katika kampeni nzima. Lakini siku ya kuhesabu kura haikufika jioni kabla ya Congress kuwaambia Janata Dal: chukueni nyinyi uwaziri kiongozi, ingawa viti vyenu ni nusu ya vyetu, ili mradi tuwe pamoja. Wawili hao wakawa na viti 115.

Gavana wa jimbo, Vajubhai Vala, mteule wa Rais wa India ambaye ndiye humwita mtu kuunda serikali, hakuwaita wao. Alimwita B. S. Yeddyurappa wa BJP kwa kuwa chama chake kilikuwa na viti vingi kuliko chama kimoja kimoja, na akampa siku 15 za kuonesha kwamba ana wingi. Siku 15 ni nyingi mno, Ndugu Mhariri. Mtu mwenye wingi hahitaji siku 15, na asiye nao anazihitaji kwa kazi moja tu, nayo ni kuwatafuta wa upande wa pili mmoja mmoja. Congress na Janata Dal walilijua hilo, wakawapakia wawakilishi wao kwenye mabasi na kuwapeleka hotelini Hyderabad, nje ya jimbo, wasifikiwe. Watu wazima waliochaguliwa na maelfu wakawa wanalindwa kama watoto. Huku nyuma mawakili wakaenda Mahakama ya Juu usiku wa manane, na majaji wakasikiliza shauri hadi alfajiri. Mahakama haikuzuia kiapo cha Yeddyurappa, lakini tarehe 18 Mei iliamuru kwamba zile siku 15 hazipo: wingi upimwe kesho yake, saa kumi alasiri, ndani ya Baraza, mbele ya watu. Siku ya pili Yeddyurappa alisimama, akahutubia, na akajiuzulu kabla ya kura kupigwa. Tarehe 23 Mei H. D. Kumaraswamy wa Janata Dal akaapishwa.

Amri ile ya Mahakama haikuzuka hivi hivi. Ilitokana na hukumu ya mwaka 1994 katika shauri la S. R. Bommai, naye pia alikuwa Waziri Kiongozi wa Karnataka, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kwamba nguvu ya serikali hupimwa ndani ya Baraza na si kwa maoni ya gavana. Ningependa kila mwanafunzi wa uraia katika skuli zetu aisome hukumu hiyo, kwa sababu inajibu swali ambalo mataifa mengi huliachia hisia na vitisho: nani anajua nani ana wingi? Jibu lake ni kwamba hesabuni, wazi wazi, mikono ikionekana.

Lakini serikali ya Kumaraswamy nayo haikudumu. Baada ya miezi 14 wawakilishi kadhaa wa Congress na Janata Dal walijiuzulu viti vyao, Baraza likapungua, na tarehe 23 Julai 2019 serikali ikashindwa kura ya imani kwa 99 dhidi ya 105. Kisa chao kinahitaji maelezo kidogo. India ina sheria ya mwaka 1985 inayomvua kiti mwakilishi anayehama chama, na ilitungwa kwa sababu. Mwaka 1967 mwakilishi mmoja wa jimbo la Haryana, Gaya Lal, alibadilisha chama mara tatu ndani ya wiki mbili, na jina lake likawa msemo wa nchi nzima. Sheria hiyo inaruhusu kuhama iwapo theluthi mbili ya wawakilishi wa chama wanakubaliana kuungana na chama chengine. Wasiotimia theluthi mbili wamegundua mlango mwengine: wanajiuzulu, idadi ya wingi inashuka, serikali inaanguka, kisha wanarudi kugombea kwa chama kipya. Wasomaji watakumbuka tuliowaona Tanzania Bara kuanzia mwaka 2017 wakiacha ubunge kwa kusema wanaunga mkono juhudi, halafu wakasimama tena kwenye viti vile vile kwa tiketi ya chama chengine. Mlango ni ule ule.

Huko Karnataka wawakilishi 17 walivuliwa viti, na Mahakama ikawaruhusu kugombea tena. Uchaguzi mdogo wa Disemba 2019 ulihusu viti 15, na BJP ikashinda 12. Hapo lazima niwe mkweli: matokeo hayo hayakunipendeza nilipoyasoma, lakini yalikuwa na kitu ambacho Bihar ya 2017 haikuwa nacho. Wananchi waliulizwa. Walimwona aliyehama, wakamjua, wakampa. Kwa jambo hilo sina neno.

Kuna walioniambia barzani kwamba haya ni ya Wahindi na sisi yanatuhusu nini. Niliwajibu kwa komwe za bao, kama nilivyofundishwa mimi.

Januari 1961 nilikuwa na miaka kumi na moja, na mjomba wangu alikuwa na barza yake karibu na njia ya kuteremkia bandarini. Redio ilikuwa moja, na watu waliizunguka hadi uwani. Yaliposomwa matokeo ya viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, mjomba alifungua mkoba wa bao akatoa komwe 22 na kuzipanga juu ya mkeka mafungu matatu: kumi za Afro-Shirazi, tisa za Hizbu (ZNP), na tatu za ZPPP, chama kidogo cha Mohammed Shamte. Nakumbuka mtu mmoja akishangilia zile kumi, na mjomba akamzuia kwa mkono. Akaweka kidole juu ya fungu dogo la komwe tatu, akasema: "Serikali ni hii hapa." Sikumwelewa. Zilipita siku, tukasikia kwamba wale watatu wamegawanyika, wawili wameelekea Hizbu na mmoja Afro-Shirazi. Mjomba akazipanga tena, akasogeza mbili huku na moja kule, na mkekani pakawa na mafungu mawili ya komwe kumi na moja kumi na moja. Alizitazama muda mrefu. Kisha akazikusanya zote akazirudisha mkobani, akasema hapa hapana serikali, watu watarudi kupiga kura. Wakati huo kiti kimoja, cha Chake Chake, kilikuwa kimeamuliwa kwa tofauti ya kura moja tu. Hebu fikiria, msomaji: mtu mmoja aliyeumwa na kichwa asubuhi ile, au aliyeghairi kubaki nyumbani.

Uchaguzi ukarudiwa Juni 1961, viti vikiwa vimeongezwa hadi 23. Afro-Shirazi kumi, Hizbu kumi, ZPPP tatu. Safari hii Hizbu na ZPPP walikwishashikana kabla ya kura, wakawa 13, na Shamte akawa Waziri Kiongozi ingawa chama chake ndicho kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Miaka 57 baadaye niliposoma habari za Kumaraswamy wa Karnataka, mwenye viti 37, kuwa juu ya Congress yenye 78, nilimwona mjomba na kidole chake juu ya zile komwe tatu.

Sitaki kuufanya uchaguzi wa Juni 1961 uwe somo la hesabu peke yake. Watu 68 walipoteza maisha katika fujo za siku zile, na zipo nyumba Unguja na Pemba ambazo bado zinasomewa khitma kwa ajili yao. Julai 1963 tukapiga kura tena, viti 31: Afro-Shirazi 13, Hizbu 12, ZPPP sita. Muungano wa Hizbu na ZPPP ukawa na viti 18 na serikali ikawa yao, na ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba. Lakini kwa kura za watu, Afro-Shirazi peke yake ilikuwa imepita asilimia 54. Muungano ulikuwa umetangazwa mapema, kila mtu aliujua, na bado zaidi ya nusu ya waliopiga kura walijikuta nje ya serikali, kwa kuwa kura zao zilirundikana kwa maelfu katika viti walivyokuwa wameshinda tayari. Mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru yakatokea Mapinduzi.

Hapa nasahihisha maneno yangu ya mwanzo kabla hajatokea wa kunisahihisha. Kutangaza muungano mapema ni sharti la haki, lakini si haki kamili. Ikiwa mipaka ya viti inamfanya mwenye wingi wa watu awe mchache barazani, tangazo la mapema halitaliponya jeraha hilo. Bihar ya 2025 haikufika huko, kwa kuwa upande ulioshinda viti ndio uliokuwa na kura nyingi zaidi. Zanzibar ya 1963 ilifika. Mwandishi anayetaka kujua kama uchaguzi umemdhulumu mtu aanze hapo: alinganishe kura za upande na viti vya upande, si kura za chama na viti vya chama.

Sisi leo hatuna serikali ya kibunge kamili. Rais wa Zanzibar anachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Lakini tangu kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo zaidi ya asilimia 66 walisema ndiyo, Katiba yetu imeweka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambayo Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili na mawaziri hugawanywa kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi. Huo nao ni muungano wa vyama, na una sifa moja kubwa ambayo sijaiona Karnataka wala Goa (huko Goa, jimbo jengine la India, mwaka 2017 Congress yenye viti 17 iliachwa nje na BJP yenye 13, kwa msaada wa chama kidogo kilichokuwa kimeipinga BJP kwenye kampeni). Sifa hiyo ni kwamba muungano wetu umetangazwa kabla ya kura, na aliyeutangaza ni Katiba. Mpiga kura wa Zanzibar anajua tangu anapopanga foleni kwamba mshindi na anayemfuatia watakaa meza moja. Aliulizwa mwaka 2010 akakubali. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad yalianza kwa watu wawili, lakini hayakuishia kwao. Yalipelekwa kwa wenye nchi. Waliokuwa wakubwa mwaka 1995, pale chama cha upinzani cha CUF kilipochukua viti vyote 21 vya Pemba na vitatu tu vya Unguja, na urais ukaamuliwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, wanajua tulitoka wapi.

Upungufu wake ni huu: Katiba inaeleza nani atapata cheo gani, lakini hakuna pahala vyama hivyo vinapotakiwa kuandika vitafanya nini pamoja. Vinaingia serikalini na ilani mbili, na moja hutekelezwa. Ikitokea mgogoro, kila upande husema kwamba mwenziwe amekiuka makubaliano, na mwananchi hana karatasi ya kuitazama. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na serikali ya pamoja ni mali ya umma. Baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa na marudio ya Machi 2016 kususiwa na CUF, kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa wazi hadi Disemba 2020. Kwa karibu miaka mitano kile tulichokipigia kura ya maoni hakikuwepo kwa namna tuliyokikusudia, na hapakuwa na hati ambayo mtu angeweza kwenda nayo barazani au mahakamani kuuliza masharti yalikuwaje.

Kwa hivyo napendekeza kwamba vyama vinavyoingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kabla mawaziri hawajaapa, viandike makubaliano ya mambo vitakayoyatekeleza pamoja, ya namna vitakavyosuluhisha hitilafu, na ya nini kitafuata upande mmoja ukijitoa. Na hati hiyo iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, ijadiliwe hadharani, na ichapishwe. Haihitaji kurasa mia. Kurasa kumi za Kiswahili kinachoeleweka na mvuvi wa Tumbe na muuza mboga wa Darajani zinatosha. Na upande unaotaka kujitoa ueleze sababu zake ndani ya Baraza hilo hilo kwanza, kabla ya kuzieleza kwa waandishi wa habari, ili wawakilishi wa pande zote wasikie na wajibu.

Napendekeza vile vile kwamba vyama vya upinzani vinavyofikiria kushirikiana katika uchaguzi vigawane viti mapema na vitangaze orodha. UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani wa mwaka 2015, ulijaribu, na hata hivyo yalikuwepo maeneo ya Bara ambayo vyama vilivyoshikana mikono jukwaani vilisimamisha wagombea wawili katika kiti kimoja. Mpiga kura hapaswi kufika kituoni ndipo agundue kwamba ndugu wawili wanagombania kura yake.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi moja, nalo ni jepesi. Kila mnapochapisha matokeo ya uchaguzi wa nchi au jimbo lenye miungano ya vyama, wekeni jedwali dogo kando ya habari: jina la chama, viti ilivyogombea, kura zake, viti ilivyopata, na safu ya mwisho ieleze iko upande gani na ilijiunga lini, kabla ya kura au baada. Jedwali la Bihar nimelitayarisha na nimelifungia pamoja na barua hii. Uchaguzi mwengine ukifika nitatayarisha jengine, bila ya malipo, na yule kijana wa barzani amekubali kunisaidia kuzitafuta namba.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mwalimu mstaafu,
Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba.